Chupa Mbili za Simsim

Swali la kwanza ambalo Fundi aliniuliza, tena mbele ya wanawake wanne wa kanisani kwetu, ni kama nilikuwa nimeoga. Nilikuwa nimetoka shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Aston, huku ughaibuni, mikono imepasuka kwa sabuni na glavu. Nilikuwa nimepanda mabasi mawili hadi Hockley kwa sababu niliambiwa kuna Mhindi wa Kisumu anayekamua simsim kama ya nyumbani. Nikamjibu, kwa ukali ambao sijawahi kuujutia, kwamba nimeoga alfajiri. Akasema basi mafuta yake hayatanifaa kitu mpaka kesho alfajiri, nikitoka tena bafuni, mwili ukiwa bado na unyevu. Kisha akanipa mgongo, akaendelea kumimina mbegu kwenye mashine.

Ninaandika haya nikiwa bado nimemkasirikia, na sitajifanya hasira imeisha ili nionekane mwanamke mwenye busara.

Sote tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwa kwenye kibao kidogo mlangoni lakini sijui mtu aliyewahi kulitumia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mafundi wa vito, sakafu ya saruji, dirisha moja la juu, na katikati mashine ya kukamua, yenye parafujo nene kama paja. Aliiendesha polepole sana. Alisema ukiikimbiza inapata joto, na mbegu ikipata joto mafuta yanatoka mengi lakini yameungua, na aliyeyaunguza hawezi kuyarudisha. Upande mmoja yalitoka mashudu, vipande vikavu vya rangi ya udongo, na upande mwingine yalidondoka mafuta, tone baada ya tone, hadi ukachoka kuangalia.

Yeye hakuchoka. Mara moja nilimkuta amemwaga ndoo nzima kwa sababu ilikuwa na harufu ya moshi ambayo mimi, niliyechomeka pua ndani kabisa, sikuisikia. Nilimwambia hiyo ni dhambi, watu wana ngozi zinazopasuka huku. Akasema dhambi ni kumpa mtu kitu akidhani ni kingine. Nimeyakumbuka maneno hayo kila siku kwa miaka miwili, na kila nikiyakumbuka natamani kurusha kitu.

Kile nilichokuja kujua kuhusu ngozi, nilikijua kwake, na hilo nalo linaniudhi. Kabla yake nilikuwa najipaka mafuta kama mtu anayepaka rangi ukuta, mwili mkavu, baridi imeshauma, halafu nashangaa mbona nimepauka tena ifikapo saa nne. Fundi alieleza kama anavyoeleza mtu aliyechoshwa na wajinga. Mafuta hayana maji. Ngozi inataka maji. Kazi ya mafuta ni kuyafungia maji yasitoke, na ukiyapaka juu ya ngozi kavu umefungia ukavu. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini lakini mwenye chunusi asiyapeleke usoni, yataziba. Mbarika ni mazito, usiyapake peke yake, changanya na simsim, uyapeleke kwenye visigino vyenye magaga. Mlonge ni wa wazee wale ambao ngozi yao imekuwa karatasi. Na chochote kipya, hata kama kimetoka kwa mama yako mzazi, paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili kabla hujajipaka mwili mzima.

Niliyafuata hayo yote na mikono yangu ikapona. Naona nimesema ikapona, na Fundi angenikata kauli hapo hapo. Alilichukia neno hilo. Binti mmoja alimwambia mafuta yake yanatibu, akamnyang'anya chupa. Alisema anayeumwa aende kwa daktari, yeye ni mtu wa kulainisha. Alikuwa na daftari la watu aliokataa kuwapa mafuta kwa sababu walitaka kuyatumia badala ya dawa ya mtoto, na alijivunia daftari hilo kuliko watu wengine wanavyojivunia vyeti.

Mwanamke mwingine alikuja na kopo la mkorogo wa kujichubua ngozi kwenye mkoba, akataka Fundi amchanganyie na simsim ili usimuwashe. Sote tulikuwa tumekaa juu ya magunia tukinywa chai. Fundi alilifungua lile kopo, akalinusa, akalifunga, akalirudisha mkobani kwa mikono miwili kwa heshima kabisa. Halafu akamwambia yule mama kwamba rangi yake haikuwa ugonjwa, na atoke nje. Yule mama alilia hadi kituo cha basi. Mimi ndiye niliyemsindikiza, na nilikuwa upande wa Fundi hata nilipokuwa nampa leso.

Unaona basi alivyokuwa. Mkali kwa kila mtu, na kwa nafsi yake kichekesho. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imebambuka kwa sababu aliiosha kwa sabuni ya vyombo mara ishirini kwa siku. Alivaa ndala mwaka mzima, na visigino vyake vilikuwa na nyufa ambamo ungeweza kuingiza sarafu. Nilimuuliza kwa nini hajipaki. Akasema mafuta ni ya wateja. Sijui kwa nini tulicheka, maana halikuwa jibu.

Chai yake, hata hivyo, ilikuwa chai. Aliipika kwenye sufuria juu ya jiko dogo la umeme, maziwa mengi, tangawizi ya kupondwa kwa nyundo. Ilikuwa ya Jumamosi tu. Siku nyingine mlango ulifungwa, na ukipiga simu alisema anakamua, usimsumbue. Jumamosi kuanzia saa saba mchana tulikuwa hata kumi pale, Wakenya wengi, Watanzania wawili watatu, mama mmoja wa Goma aliyechanganya Kifaransa hadi Fundi akamwomba atafsiri sentensi zake mwenyewe. Alituuliza habari za kwetu kana kwamba tumefika jana. Samaki ngege bado wanauzwa kando ya barabara? Mvua imenyesha? Nyumbani kwake, mwanawe na mkwewe walizungumza Kigujarati na Kiingereza, na Kiswahili chake chote alikihifadhia Jumamosi. Binti yangu Neema, aliyezaliwa hapa, akimjibu kwa Kiingereza, Fundi alijifanya kiziwi. Mtoto alirudia kwa Kiswahili chake kibovu, naye akampa simsim iliyokaangwa na sukari. Mimi mwenyewe nilishindwa kumfanya Neema aongee Kiswahili. Mzee huyu aliweza kwa kijiko kimoja cha simsim.

Kwa hiyo nilimpenda. Nikawa mdomo wake. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa na chupa zake kwenye mfuko, za wale wasioweza kufika Hockley, na kila aliyeuliza kama ni safi nilimwambia ni safi, nimeona yakidondoka kwa macho yangu.

Aliyeuliza kuliko wote ni Zawadi. Zawadi ni wa Tanga, tulifanya kazi pamoja, tulibadilishana shifti, tulijua siri za ndoa za kila mmoja. Ngozi yake haivumilii manukato ya aina yoyote. Sabuni moja tu ya kunukia iliwahi kumfumba macho yote mawili siku tatu. Alipopokea chupa ya kwanza alifuata maagizo ya Fundi, akapaka ndani ya kiwiko, akangoja siku mbili, akawa salama. Akayatumia mwaka mzima na zaidi, na akapendeza hadi wazee tuliowahudumia walimsifia.

Kisha mafuta yakabadilika. Niseme wazi kwamba niliona. Yalikuwa mepesi, hayakukaa mkononi, na harufu yake ilikuja haraka mno, kama ya biskuti, ikapotea. Zawadi naye aliiona. Alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa akaniuliza mbona ufuta huu, ndivyo wanavyoiita simsim kwao, unanukia tofauti. Nikamwambia ni mbegu za msimu mpya. Hakuna aliyeniambia hivyo; nilijitungia papo hapo, kwa sababu sikutaka hata kuwaza jambo lingine. Akaniuliza tena kama hakuna kilichoongezwa. Sisi ni watu tusioapa, kanisani kwetu tumefundishwa ndiyo iwe ndiyo, lakini siku ile niliona ananitilia shaka na nikaudhika. Nikamwapia kwa jina la Mungu.

Hakupima kwenye kiwiko, maana ni mafuta yale yale, na mimi nimeapa. Kufikia Jumanne shingo ilikuwa imevimba, vipele hadi kwenye kope, akarudishwa nyumbani katikati ya shifti. Ilimchukua wiki tatu kuonekana tena kanisani. Siku hiyo, wakati wa chai, aliiweka ile chupa mezani mbele ya wanawake wote, katikati ya sahani za mandazi.

"Dada, uliniapia," alisema.

Alichukua koti lake akatoka, na mimi nikabaki na chupa.

Sikungoja Jumamosi. Keshokutwa yake nilikuwa na mapumziko, nikaenda Hockley bila kupiga simu. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kidogo. Mashine ilikuwa baridi. Parafujo ilikuwa imetolewa, imelazwa juu ya gazeti, imekatika vipande viwili, na vumbi lililokuwa juu yake si la wiki moja wala mbili. Kando ya ukuta palikuwa na jerikeni tatu za buluu za mafuta ya dukani, yale ambayo yamesafishwa hadi hayana rangi wala harufu. Fundi alikuwa amesimama na faneli mkononi akijaza chupa zetu. Juu ya meza, karibu na kiwiko chake, kulikuwa na kichupa cha manukato chenye picha ya simsim.

Aliniangalia. Nilingoja ashtuke, adanganye, anifukuze, lolote.

"Leo si Jumamosi," alisema.

Basi. Akamaliza kujaza ile chupa, akaifunga, akaipangusa kwa kitambaa kama alivyopangusa zote. Nilimweleza habari ya shingo ya Zawadi. Nilimweleza kope zake. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa, naye akachukua chupa nyingine akaiweka chini ya faneli. Nilichukua chupa moja mezani kwake bila kuomba, nikaondoka, na sikurudi.

Jumapili nilisimama kanisani nikawaambia wanawake ukweli wote, pamoja na ile mbegu ya msimu mpya niliyoibuni. Baadhi walisema ah, mzee wa watu, mashine ikiharibika afanyeje. Niliwakasirikia na wao. Angesema! Mtu aliyemfukuza mama wa watu kwa ajili ya mkorogo, aliyemwaga ndoo nzima kwa moshi usiosikika, ameshindwa kusema mashine imevunjika? Nani alimlazimisha? Kuanzia hapo hakuna aliyekwenda tena Hockley, wale waliokasirika na wale waliomhurumia sawasawa.

Na Zawadi nilimfuata hadi nyumbani, nikapiga magoti kwenye zulia lake. Alininyanyua, akasema yameisha. Tangu siku hiyo ananiita dada, ananisalimia, ananiambia asante na samahani kama mtu anavyomwambia msimamizi wake. Shifti habadilishani tena na mimi. Habari ya mumewe kuugua niliisikia kwa watu wengine.

Nyumbani nilikuwa na nusu chupa ya simsim ya kweli, ya kabla ya mashine kuvunjika. Niliiweka kabatini pamoja na ile niliyoichukua mezani kwake. Sikujipaka hata moja. Nilizihifadhi kama askari anavyohifadhi kisu kilichotumika kumchoma mtu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mwezi uliopita mwana wa Fundi akanipigia, kwa Kiingereza, kwa adabu sana. Baba alianguka, karakana imefungwa, sasa anakaa nao Perry Barr kwenye nyumba mpya za ghorofa. Hataki kuguswa miguu na mtu. Anamtaja mwanamke wa mafuta. Je, ni mimi? Nilitaka kusema si mimi. Nikasema nitakuja Jumatano, nikatia chupa zote mbili kwenye mkoba.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, reli chini yake. Amekuwa mdogo. Suruali ilikuwa imepandishwa hadi magotini, na miundi ilikuwa imepauka hadi imekuwa kijivu, inabanduka magamba. Visigino sitavieleza. Mkwewe aliniletea kiti na chai ya pakiti, akatuacha. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu kwenye basi.

"Umeoga saa ngapi, Fundi?" nikamuuliza badala yake.

Akacheka kidogo, akasema asubuhi, kwa hiyo nimechelewa. Sikucheka. Nikatoa chupa ya kwanza nikampa. Aliifungua kwa shida, akainusa, na uso wake ukakunjamana.

"Yamekufa haya," alisema. "Umeyaweka miaka mingapi? Si niliwaambia mafuta si ya kuweka?" Akanusa tena, taratibu. "Ni yangu haya."

Nikampa ya pili. Ilikuwa safi, angavu, haijabadilika hata kidogo tangu siku niliyoichukua. Aliishika bila kuifungua.

"Hayo yatakaa hata miaka mingine kumi," alisema, na akanirudishia.

Hilo ndilo lilikuwa ungamo lote, kwamba haya hayakuwa yake, na kwangu halikutosha. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia mashine imevunjika. Niliuliza kwa sauti kubwa hadi mkwewe akachungulia mlangoni. Fundi alimwashiria aondoke.

"Ningewaambia mafuta yamekwisha," alisema, "mngekuja kufanya nini?"

"Tungekuja kukusalimia, Mzee."

"Miaka hii miwili amekuja nani?"

Haikuwa haki. Tuliacha kwenda kwa sababu alitudanganya. Alitudanganya kabla hatujaacha kwenda. Hata mtoto anaona lipi lilitangulia. Nilimwambia hivyo, neno kwa neno. Alikubali kwa kichwa. Lakini nilikuwa nimekaa pale nikihesabu wale kumi wa Jumamosi, na kujiuliza ni nani kati yetu angepanda mabasi mawili kwa ajili ya chai na mzee, na sikuwa na uhakika hata juu yangu mwenyewe. Hilo nalo lilinikasirisha. Amenifanya niwe na shaka na jibu langu mwenyewe.

Nilinyanyuka nikaenda bafuni, nikalowesha taulo kwa maji ya vuguvugu. Mkwewe alinipa losheni ya duka la dawa aliyoandikiwa na daktari, chupa ya kubonyeza, haijaguswa. Nikamfuta Fundi miguu, na kabla haijakauka nikampaka, miundi kwanza, kisha visigino, nikisukuma ndani ya zile nyufa kwa kidole gumba. Aliuliza ni kitu gani. Nikamwambia asome mwenyewe kwenye chupa. Akasoma orodha yote, akasema si mbaya, haina manukato. Hapo nilisimamisha mkono.

"Zawadi," nikasema. "Yule wa Tanga. Utamwambia wewe mwenyewe. Si mimi tena."

Alisema nimlete Jumamosi. Alisema atamwambia.

Kituoni Perry Barr nilimpigia Zawadi kabla sijapoteza ujasiri. Alipokea, akaniita dada kwa sauti ile ile ya adabu. Nilimweleza nilikotoka. Nilipokuwa bado naeleza, basi langu likaja likapita.

"Una hakika atasema?" aliuliza.

Zile chupa mbili zilikuwa zinagongana mkobani. Nikamwambia sina hakika. Nikamwambia aje asikie mwenyewe.